Siku moja Quanzhou: mji wa forodha ulioandika khabari zetu



Wafanyabiashara wetu wa Maskati na Dubai wanaijua Guangzhou kama wanavyoijua Matrah na Deira. Huenda huko kununua nguo, simu, vipuri na fanicha, na wakirudi hawana la kusimulia ila bei. Leo nataka kuwaelezeni mji mwingine wa China, Quanzhou, ulioko katika jimbo la Fujian, pwani inayotazamana na kisiwa cha Taiwan. Wengi wetu huupita bila ya kushuka. Lakini miaka 700 iliyopita ulikuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa duniani. Waarabu waliuita Zaitun. Na mwaka 1225 ofisa wake wa forodha aliandika kitabu ambamo Oman na Zanzibar zote mbili zimetajwa.

Nimeuzuru kwa siku moja, sisi wazee sita na kijana mmoja, pamoja na kiongozi wa wageni, binti wa mji ule aliyesoma Kiarabu. Nimefanya kazi ya ukarani wa forodha zaidi ya miaka 30, nusu Afrika ya Mashariki na nusu huku Ghuba, kwa hivyo niliyatazama mambo kwa jicho la karani: nani kaandika, lini, na waraka wenyewe uko wapi. Nitaeleza vivyo hivyo. Kilichoandikwa nitasema kimeandikwa, na kinachosimuliwa nitasema kinasimuliwa.

Jina la mji

Zaitun si zeituni. Karne ya 10 mtawala wa mji aliagiza ipandwe miti yenye miba na maua mekundu, ambayo kwa Kichina huitwa citong. Masikio ya Waarabu yakalisikia neno hilo kama zaitun, na jina likaenea baharini kote. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kuipita Oman baadaye, alifika mji huu katika miaka ya 1340. Aliona ajabu ile ile, akaandika kwamba mji una jina la zeituni na zeituni zenyewe hazimo. Aliisifu bandari yake kuwa katika zilizo kubwa duniani, akahisabu majahazi makubwa kiasi cha mia, na madogo yasiyo na idadi. Marco Polo naye alipanda chombo hapa, mwishoni mwa karne ya 13, aliporejea kwao kwa njia ya bahari.

Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliweka sehemu 22 za mji huu na viunga vyake katika orodha ya urithi wa dunia. Sehemu 22 hazimaliziki kwa siku moja. Sisi tuliona sita, na hizo zinatosha kwa mtu mwenye magoti ya uzeeni.

Asubuhi: Msikiti wa Masahaba

Tulianzia msikiti wa Qingjing, ulio kando ya barabara kubwa katikati ya mji. Mlango wake ni wa mawe ya matale, umepanda zaidi ya mita 11, na matao yake yanafuatana, moja ndani ya jingine. Hauna sura ya Kichina hata kidogo. Mtu aliyezoea misikiti ya Uajemi hatouona mgeni.

Kwenye ukuta wa ndani kuna maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa. Nilisoma Kiarabu chuoni kabla ya kupelekwa skuli ya mapadri, na ingawa herufi zimelika, kwa msaada wa kiongozi wetu niliweza kufuata. Yanasema kuwa msikiti huu, unaoitwa Msikiti wa Masahaba, ulijengwa mwaka 400 wa Hijra, yaani 1009 au 1010, na kwamba ulitengenezwa upya mwaka 710 wa Hijra na Ahmad bin Muhammad al-Quds kutoka Shiraz. Jina la Qingjing linalotumika leo lilikuwa la msikiti mwingine wa mji huu, ambao hauko tena.

Ukumbi mkubwa wa sala hauna paa. Paa lilianguka karne nyingi zilizopita, zimebaki kuta za mawe, mihrabu, na madirisha manane yanayotazama barabarani. Kuna pia jiwe la mwaka 1407, lenye amri ya mfalme wa China wa zama zile, Yongle, inayokataza mtu yeyote kuwadhulumu Waislamu. Hatua chache tu kutoka hapo kuna hekalu la Kichina, na moshi wa ubani wao unavuka ukuta. Pande zote mbili hakuna anayelalamika.

Forodhani

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu nilipoondoka Maskati. Upande wa kusini wa mji wa zamani, wachimbaji wamefukua misingi ya ofisi ya forodha ya China ya kale, iliyoitwa Shibosi. Ilifunguliwa Quanzhou mwaka 1087. Hakuna jengo la kupigia picha: ni matofali, mawe na mifereji. Wenzangu walipata mahali pa kukaa kivulini. Mimi nilizunguka.

Niwaeleze kazi ya ofisi ile, maana mtu aliyewahi kupokea meli ataitambua mara moja. Chombo kikiwasili, maofisa walipanda na kukagua shehena. Ushuru ulitolewa kwa mali yenyewe, mara nyingi sehemu moja katika kumi, ingawa kiwango kilibadilika zama hadi zama. Bidhaa nyingine zilikuwa za serikali peke yake, ambazo mfanyabiashara hakuruhusiwa kumuuzia mwengine. Miongoni mwake ulikuwamo ubani, ule ule unaotoka Dhofar. Chombo kinachoondoka kilihitaji kibali, na kibali hicho kilieleza nani yumo na anachukua nini.

Na kulikuwa na jambo la ziada. Mara mbili kwa mwaka maofisa wa mji walikwenda kilima cha Jiuri, magharibi mwa mji, kuomba upepo. Wakati wa baridi waliomba upepo wa kuvipeleka vyombo kusini, na wakati wa joto upepo wa kuvirejesha. Wakimaliza walichonga jiwe: tarehe, na majina ya waliohudhuria. Mawe yale yapo mpaka leo, ya karne ya 12 na ya 13. Kwa mtu wa pwani yetu hili halina haja ya kufasiriwa. Ni kaskazi na kusi, kwa jina jengine.

Sasa nije kwa yule ofisa wa mwaka 1225. Aliitwa Zhao Rugua, na alikuwa msimamizi wa forodha ya Quanzhou. Kitabu chake kinaitwa Zhufan zhi, yaani maelezo ya mataifa ya kigeni. Hakupanda meli kwenda kokote. Aliwauliza wafanyabiashara na mabaharia waliofika ofisini kwake, akaandika walichomjibu, na mengine akayatoa katika vitabu vya waliomtangulia. Oman ameiita Wengman, akataja vilemba, tende, lulu na farasi. Kisha ameieleza nchi aliyoiita Cengba. Amesema watu wake ni wa asili ya Waarabu na wanafuata dini yao, wanavaa kitambaa cha buluu na viatu vya ngozi nyekundu, na nchi yao hutoa pembe za ndovu, dhahabu na ambari. Vyombo vya Gujarat na vya Arabuni huenda huko na nguo, vyombo vya kauri na shaba. Wataalamu wanasoma Cengba kuwa ni Zanj, yaani Zanzibar au pwani yake kwa jumla.

Si kila alichoandika ni sawa. Jibu la baharia huongezwa chumvi njiani, na anayeulizwa ofisini hasemi yote. Lakini fikirini: ofisa mmoja, mezani pake, mbali nasi kwa safari ya misimu miwili, aliona kuwa si vyema mgeni alipe ushuru tu na kuondoka. Alimuuliza: kwenu kukoje? Kwa swali hilo tunayo leo maelezo ya nchi yetu ya miaka 800 iliyopita, ya nguo, viatu na chakula, ambayo sisi wenyewe hatukuyaweka.

Hekaluni, na meli iliyozama

Kutoka hapo tulikwenda hekalu la Kibudha la Kaiyuan, lililoasisiwa mwaka 686. Ni eneo kubwa lenye miti ya kale na minara miwili ya mawe ya karne ya 13. Wa mashariki una urefu wa mita 48 hivi, wa magharibi umepungua kidogo. Nyuma ya ukumbi mkuu kuna nguzo mbili zilizochongwa miungu ya Kihindu. Zilitoka katika hekalu la wafanyabiashara wa Kitamil waliokuwa wakiishi mjini, na lilipovunjika Wabudha wakazitia nguzo zake katika jengo lao.

Ndani ya uwanja huo huo pana nyumba iliyohifadhi mwili wa meli. Iligunduliwa mwaka 1973 katika matope ya bandari ya Houzhu na kufukuliwa mwaka 1974. Kilichobaki ni kiasi cha mita 24 kwa urefu na mita 9 kwa upana, chini tu, juu pote pameliwa na bahari. Imegawiwa vyumba 13 kwa kuta za mbao, ili kimoja kikiingia maji vyengine visalimike. Anayeijua mitepe yetu ya kushonwa kwa kamba atafahamu kuwa hii ni kazi ya fundi wa skuli nyengine kabisa. Katika sarafu zilizokutwa ndani, ya mwisho ilifuliwa mwaka 1271, basi ilizama baada ya hapo, katika miaka ya mwisho ya ukoo wa Song.

Shehena yake ilikuwa zaidi ya kilo 2,000 za mbao za manukato, pamoja na pilipili manga, popoo, ubani, ambari na magamba ya kasa. Ubani ni wa kwetu Arabuni au wa Somalia, na ambari ni mali ya bahari yetu. Meli yenyewe yaonekana ilikuwa ikirudi kutoka kusini-mashariki ya Asia, kwa hivyo bidhaa hizo zilikwishapita mikononi mwa watu wengi kabla ya kupakiwa.

Wenzangu waliutazama ubani. Mimi nilisimama mbele ya vibao vya mbao, maana vilikutwa 96. Kila kibao kilifungwa kwenye mzigo, nacho kimeandikwa kwa wino jina la mwenye mali, au duka, au aina ya bidhaa. Ni kama zile lebo tulizokuwa tukizibandika magunia ya karafuu. Meli imezama, walioipanda hawajulikani, wenye mali wamekwisha kufa zamani, na majina yao bado yanasomeka.

Adhuhuri: mawe yanayozungumza

Baada ya chakula (yako maduka ya Waislamu wa Kichina yenye tambi na nyama, ulizeni kwa neno qingzhen, maana yake halali) tulikwenda Makumbusho ya Bahari, yaliyoanzishwa mwaka 1959. Ikiwa mna saa mbili tu mjini, njooni hapa kwanza.

Humu mna mawe ya makaburi kwa mamia. Yamo ya Waislamu yenye Kiarabu, ya Wakristo yenye msalaba juu ya ua la yungiyungi, ya Wahindu, na ya wafuasi wa Mani, dini ambayo imekwisha toweka. Mengi ya Kiarabu yanataja jina la marehemu, baba yake, mji wa asili na tarehe ya kufa: Shiraz, Isfahan, Siraf, Tabriz, Bukhara, Yemen. Juu ya mengi yamechongwa maneno yanayonasibishwa na Mtume, kwamba afaye ugenini amekufa shahidi. Mwenzangu mmoja, aliyewazika wazazi wake katika nchi mbili mbalimbali, aliyasoma maneno hayo kwa sauti, kisha akanyamaza mpaka tulipotoka.

Jiwe moja lina herufi za Kilatini. Mapadri walitukaririsha Kilatini asubuhi kwa asubuhi, na sikutegemea kwamba kingenifaa China. Ni kaburi la Andrea wa Perugia, mtawa wa Kifransisko aliyekuwa askofu wa Zaitun, aliyefariki mnamo 1332. Herufi zimefutika sana, lakini jina lake linatambulikana. Jiwe lilipatikana mwaka 1946.

Mawe haya yamefikaje makumbusho? Mwaka 1357 askari wa kigeni, wengi wao Waajemi, waliasi dhidi ya utawala wa Wamongolia, wakaushika mji. Vita vilichukua karibu miaka kumi. Vilipokwisha, mwaka 1366, kisasi hakikuchagua. Wageni waliuawa, aliyebeba silaha na aliyekuwa dukani mwake, makaburi yao yakavunjwa na nyumba za ibada zikabomolewa. Waliosalia walikimbilia vijijini, wengine wakabadilisha majina. Mawe ya makaburi yakachukuliwa kujengea ukuta wa mji na misingi ya nyumba. Mji ulioishi na wageni karne tatu ulifungika katika umri wa mtoto wa skuli. Wasomaji wengi wa ukurasa huu hawahitaji kufasiriwa jambo hilo.

Mawe yakakaa ukutani zaidi ya miaka 500. Karne iliyopita ukuta ulipoanza kubomolewa, yalitoka tena, na wachonga mawe wakawa wanayapasua ili wayatumie upya. Aliyeyaokoa ni mwalimu wa skuli wa mji ule, Wu Wenliang. Hakuwa tajiri wala Mwislamu. Alizunguka kwenye vifusi na karakana, akanunua jiwe moja moja kwa fedha zake, akalipiga picha na kuandika limetoka wapi. Mwaka 1957 alitoa kitabu chake. Bila ya mwalimu huyo, nusu ya nilichoona siku ile kingekuwa ngazi za nyumba za watu.

Alasiri: makaburi ya Lingshan, na daraja

Nje kidogo ya mji, kwenye kilima cha Lingshan, kuna makaburi mawili yanayozuriwa sana. Inasimuliwa kuwa ni ya Masahaba wawili waliokuja China karne ya 7. Maelezo hayo yameandikwa katika kitabu cha Kichina cha karne ya 17, muda mrefu mno baada ya tukio, na wanahistoria wengi wana shaka nayo. Kilicho na hakika ni mawe yenyewe. Moja, la Kiarabu, la karne ya 14, lasema Waislamu wa mji waliyatengeneza makaburi hayo. Jengine, la mwaka 1417, lataja kuwa jemadari wa bahari Zheng He alifukiza ubani hapa kabla ya safari ya kwenda Hormuz. Huyo ndiye ambaye meli zake zilifika Dhofar, Mogadishu, Barawa na Malindi. Dua tulisoma. Hakuna haja ya kupandisha nasaba ya kaburi ndipo mtu alisomee fatiha.

Wale waliokimbilia vijijini nao hawakutoweka wote. Huko Chendai, kusini ya mji, uko ukoo wa Ding, maelfu ya watu, ambao vitabu vyao vya nasaba vinawapeleka kwa mababu wa Kiislamu waliotoka magharibi. Wengi wao hawasali tena. Lakini kitabu cha ukoo wanacho.

Tulimalizia daraja la Luoyang, lililojengwa kati ya 1053 na 1059 juu ya mlango wa mto, zaidi ya mita 700 za mawe matupu. Mafundi walipanda chaza kwenye nguzo, ili magamba yao yashikane na mawe kama saruji. Amri ikatolewa kwamba haruhusiwi mtu kuzitoa chaza hizo. Maji yalikuwa yametupwa tulipofika, na wanawake walikuwa topeni na vikapu, kama Bweleo au Chwaka.

Kwa anayetaka kwenda

Treni ya kasi kutoka Xiamen huchukua kiasi cha nusu saa. Chukueni pasi ya kusafiria mkononi, maana huulizwa vituoni na makumbusho. Karibu kila kitu hulipwa kwa simu, basi tengenezeni programu ya malipo kabla ya kuondoka nyumbani. Makumbusho mengi China hufungwa Jumatatu. Tafuteni kiongozi anayejua Kiarabu au Kiingereza na mwambieni mapema mnachotaka kuona, la sivyo atawapelekeni madukani. Wazee wachukue bakora: mawe yana utelezi.

Oman inajulikana mjini hapo. Februari 1991 meli ya Fulk al-Salamah, aliyoitoa Sultan Qaboos kwa msafara wa UNESCO wa njia za hariri, ilitia nanga Quanzhou, na wataalamu wa nchi nyingi wakakutana kuijadili historia ya bahari hii. Na nyumbani, Kajengwa ya Makunduchi, mwaka 1945 zilifukuliwa sarafu za China zilizofichwa ardhini, nyingi za zama za Song. Ncha zote mbili za njia zina ushahidi.

Vijana wetu hupenda kusikia kuwa wazee wao walikuwa mabaharia wakubwa. Ni kweli, lakini bahari haikuhifadhi jina la hata mmoja. Waliobaki ni wale walioandikwa, na ofisa wa forodha, na mwenye kibao cha mzigo, na mchonga jiwe la kaburi, na mwalimu wa skuli aliyeokota mawe. Katika kila nyumba ya watu wetu, Maskati, Dubai, London au Dar es Salaam, liko sanduku la barua, pasi za zamani, risiti na picha ambazo mtu mmoja tu aliye hai anajua ni za nani. Mketisheni mtu huyo wiki hii, si mwezi ujao. Nyuma ya kila picha andikeni kwa kalamu ya risasi, ambayo haifutiki kwa unyevu: jina, jina la baba, mji, mwaka.